Bonyeza Hapa, Usiogope

Foleni ya banitsa, mkate wa jibini, karibu na stesheni ya treni mjini Plovdiv ilikuwa ndefu, watu wanasukumana utadhani unga unakwisha duniani. Zornitsa, koti jekundu, usingizi bado machoni, alimsikia mwanamume nyuma yake akiagiza, "Mbili, na mtindi." Akageuka kwa kishindo.

"Wewe! Si ndiwe wa kwenye video? 'Bonyeza hapa, usiogope'?"

Kalin aliona haya. Kazi yake ilikuwa kurekodi skrini ya kompyuta na kufundisha watu programu za uhasibu. Wanafunzi walijua sauti yake, na kipanya chake kinachozunguka kitufe mara mbili kabla ya kubonyeza. Uso hawakuujua.

"Mwaka mzima umenitoa ujinga," Zornitsa alicheka. "Nikadhani ni mzee mwenye kitambi."

"Kitambi kinakuja, mrembo. Nisubiri."

Wakapendana, weee! Kila jioni simu: "Nisomee chochote, mpenzi, hata bei za viazi." Kisha Kalin akaanza kukohoa, simu zikapungua, mwishowe akawa hapokei kabisa. Ujumbe tu: "Nina kazi." Kazi gani hiyo isiyotaka mdomo? Zornitsa akapiga, akakatiwa. Akamwandikia: "Kaa na huyo uliyempata." Roho ilimuuma hata chakula kikamshinda.

Theluji ilipoanza, akiwa ofisini, alifungua somo jipya la Kalin. Kimya. Maneno yameandikwa chini, kipanya kinazunguka kitufe mara mbili. Akaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Moyo ukamlipuka paa! Alikimbia bila koti hadi kwa Kalin.

Kalin alifungua mlango akiwa na skafu shingoni, na chini ya skafu tundu la upasuaji. Mezani kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Akaketi, akaandika kwenye skrini: "Ulipenda sauti. Wameikata. Ningekupa nini?"

"Mjinga wewe!" Zornitsa alilia. "Ukaona bora nikuchukie? Haya, lete kipaza sauti. Wewe andika, mimi nisome."

Akaandika, naye akasoma neno kwa neno: "Saratani ya koo imeshuka mapafuni. Daktari anasema kiangazi sitakiona." Vidole vya Kalin havikusimama. "Hata hivyo... nikuoe?"

Kalin akapeleka kipanya kwenye kitufe cha kuzima kurekodi. Kikazunguka mara moja, mara mbili. Zornitsa akaushika mkono wake.

"Usizime kwanza. Nikibaki peke yangu nitataka kulisikia hili." Akafuta machozi, akasogea karibu na kipaza sauti. "Ndiyo, Kalin. Nioe. Sasa bonyeza, usiogope."