Mlinzi Amelala

Mtoto huyu ana jina zuri kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Halitumiki. Mtaa mzima unamwita Mlinzi, kwa sababu usiku halali. Walinzi wa kweli, wale wanaolipwa mshahara, husinzia. Yeye hasinzii.

Mlinzi ana mwaka mmoja na nusu. Baba yake ni fundi cherehani, na kila mtu anamwita Fundi. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani, meza ya kukatia, pasi, na nguo za wateja zimetundikwa ukutani. Chumba cha nyuma ni cha kulala, kwa wale wanaobahatika kulala. Mama yake ni msusi, anasuka nywele saluni. Bibi, mama mzazi wa Fundi, anaishi nao na ndiye anayeshinda na mjukuu.

Kila jioni kazi ilikuwa ile ile. Fundi alimpakata mwanawe, akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedeli. Kitambaa hakuna. Uzi hakuna. Cherehani ilishona hewa tu, taka-taka-taka, kwa sababu mlio huo ndio uliomlaza Mlinzi. Macho yalifumba. Shingo ililegea. Fundi aliinuka kama mwizi, akamlaza godoroni, akanyata kuelekea mlangoni.

“Baba!”

Kazi ikaanza upya.

Uchovu uliwaingia wote. Mama aliwahi kumsuka mteja huku anasinzia. Mistari ilianza vizuri, ikafika katikati ikakata kona. Mteja alijitazama kwenye kioo. “Dada,” akauliza, “hii njia inaelekea wapi?” Fundi naye alimshonea mwalimu suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mwalimu aliivaa, akawa kama mtu aliyesimama kwenye mtaro.

Ndipo nyumba ikajiwekea sheria. Anayemwamsha Mlinzi, atambembeleza mwenyewe mpaka alale tena. Hakuna aliyeivunja. Hata wateja waliijua. Wakimwona Fundi ameweka kidole mdomoni, walirudi nyuma bila kuuliza suruali yao imefikia wapi.

Siku moja tumbo la Mlinzi likachafuka. Akaharisha. Akatapika kidogo. Akaharisha tena. Bibi alibadilisha nguo mpaka kamba ya kuanikia ikajaa.

“Nimpe maji?” Bibi aliuliza.

“Maji tena, Mama?” Fundi akashangaa. “Si hayo hayo yanayotoka? Ndoo ikitoboka, unaendelea kuijaza? Tusimpe maji kwanza, tumbo litakauka lenyewe.”

“Mtoto si ndoo.”

“Mama, niamini.”

Bibi hakuridhika, lakini alikuwa amechoka kubishana. Mama aliporudi kutoka saluni, Fundi alimweleza hoja yake ya ndoo. Kwa mtu mwenye usingizi, hoja hiyo ilisikika vizuri. Basi wakampa Mlinzi maji kwa kumlambisha tu, na chakula wakakiweka kando.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Lakini asubuhi yake ukatokea muujiza. Mlinzi alilala.

Hakulala mapajani. Hakudai cherehani. Aliwekwa godoroni, akalala. Jua likapanda, bado amelala. Bibi aliacha kuosha vyombo ili visigongane. Mama aliomba ruhusa saluni, akajilaza pembeni ya mwanawe, akapotelea usingizini papo hapo. Fundi alikaa mbele ya cherehani yake bila kuigusa, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

“Hata kuharisha kumepungua,” alimnong’oneza Bibi. “Nguo hajachafua tangu asubuhi. Wala hajakojoa. Nilisema mimi! Ndoo!”

Mchana jirani yao alifika. Yeye ni nesi wa zahanati ya jirani, na alikuwa amekuja kuchukua gauni lake la kazi lililopunguzwa urefu.

“Hodi wenyewe!”

Fundi aliruka, kidole mdomoni. “Shii! Nesi, tafadhali. Mlinzi amelala.”

“Mlinzi? Amelala?” Nesi akacheka kwa sauti ya chini. “Leo jua limechomoza wapi?”

“Tangu asubuhi. Tumbo lilimsumbua jana, lakini sasa katulia kabisa. Hataki hata kula.”

Nesi aliacha kucheka. “Tumbo lilimsumbua vipi?”

“Kuharisha na kutapika. Kumepungua.”

“Anakunywa?”

“Tumemkatia maji kidogo, ili…”

“Amekojoa mara ya mwisho lini?”

Fundi alimtazama Bibi. Bibi alimtazama Fundi. Hakuna aliyekumbuka.

Nesi alielekea chumba cha nyuma. Fundi akamzuia mlangoni, futi yake ya kupimia ikining’inia shingoni. “Nesi, nakuheshimu. Lakini nyumba hii ina sheria. Ukimwamsha…”

“Nitambembeleza mwenyewe. Nipishe, Fundi.”

Aliinama godoroni, akamwita Mlinzi kwa jina lake la kwenye cheti. Kimya. Akamtikisa bega. Jicho moja likafunguka nusu, likafumba. Akamwinua mkono, akauachia. Mkono ulianguka kama mkono wa shati lisilo na mtu.

Mama akazinduka. “Kuna nini?”

“Njoo uone, dada. Macho yameingia ndani. Mdomo umekauka. Sasa angalia tumbo.” Nesi aliifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, kisha ikarudi polepole sana. “Fundi, huu si usingizi. Mwanao ameishiwa maji mwilini. Twende zahanati sasa hivi.”

Tabasamu la Fundi lilitoka usoni, halikujua liende wapi. Hakuvaa hata viatu. Alimbeba mwanawe, akatoka mbio, futi bado shingoni, Mama nyuma yake na kandambili zisizofanana. Mlinzi alikuwa mwepesi. Jana alikuwa mzito kuliko leo. Fundi, mtu wa vipimo, aliuhisi upungufu ule mikononi.

“Amka, baba,” alikuwa akimwambia njiani. “Amka unipigie kelele. Piga kelele zote unazotaka.”

Zahanati walipokelewa bila foleni. Daktari alimpima Mlinzi, akaamuru atundikiwe maji mara moja. Chupa ikaning’inizwa, mrija ukaingizwa kwenye mshipa mdogo wa mkono. Mama alishika mkono wa pili. Fundi alikaa kitini, macho kwenye matone yanayodondoka.

“Nimemnyima maji mwanangu,” alisema.

“Ulidhani unamsaidia,” Nesi akajibu. “Watu wengi wanadhani hivyo. Sikiliza, nikuulize swali la kazi yako. Unashona, mara uzi unaisha. Unafanyaje?”

“Naweka uzi mwingine.”

“Husemi, ‘Huu uzi unatumika sana, ngoja niuzuie kwanza’?”

“Cherehani itashona hewa.”

“Haya. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Lazima virudishwe kadiri vinavyotoka. Usiporudisha, mwili unashona hewa. Anaacha kukojoa. Analia bila machozi. Mwisho analegea, anaonekana amelala. Na huko kulegea kunaweza kumuua.”

Mama alifuta macho. “Na sisi tulikuwa tunatembea kwa kunyata ili asiamke.”

“Dada, mngekuwa na watoto wanaolala vizuri, mngeshtuka mapema. Nyinyi usingizi mliusubiri sana. Ulipokuja, hamkuuliza umetoka wapi.”

Muda ulipita. Mlinzi alifungua macho. Akakunja uso. Nesi alimpa kwa kijiko maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha, na mtoto akayanywa, akafungua mdomo kudai mengine. Mama alipoona hivyo alicheka na kulia kwa pamoja. Baadaye Fundi akaruhusiwa kumpakata, mrija ukiwa bado mkononi.

Ghafla Fundi akaganda. Akatazama mapaja yake. Suruali yake nzuri ilikuwa inabadilika rangi.

“Amenikojolea!” akapiga kelele. Wodi nzima iligeuka. “Jamani, mwanangu amenikojolea!”

“Hongera,” akasema mgonjwa mmoja kitandani.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Nesi aliwapa pakiti za ORS na vidonge vya zinki. “Vidonge ni kimoja kwa siku mpaka viishe, hata kama ameacha kuharisha. Pakiti moja ya ORS unaikoroga kwenye lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Si kikombe, si jagi. Lita moja kamili. Msikisie.”

“Mimi nikisie?” Fundi akajibu. “Mimi ni fundi, napima.”

“Nimemwona mwalimu na suruali yake,” alisema Nesi. “Pima mara mbili.”

Mama akacheka, safari hii bila machozi.

“Mpeni kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, hasa kila anapoharisha. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha mwendelee polepole. Maji ya ORS yakibaki mpaka kesho yake, mwageni, mtengeneze mengine. Chakula asinyimwe: uji, matunda laini, na anyonye kama bado ananyonya. Msimnunulie dawa ya kufunga tumbo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mkitoka chooni, mkimsafisha, na kabla ya kumlisha. Na mkiona damu kwenye choo, au anatapika kila kitu, au hawezi kunywa, au amelegea, msinisubiri nije kuchukua gauni. Mleteni.”

Mlinzi alipona. Na alipopona, akarudi kazini. Usiku wa kwanza akiwa na nguvu zake, akasimama godoroni: “Baba!”

Fundi alikimbilia cherehani kwa furaha. Lakini furaha ya kukosa usingizi haidumu. Nesi alipopita kuchukua lile gauni, alimkuta Fundi amelaza kichwa kwenye meza ya kukatia, chaki imemchora shavu.

“Bado unashona hewa?”

“Nesi, mtoto hataki kulala penginepo.”

“Kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha. Fikiria wewe. Unalala kitandani kwako, unazinduka uko barabarani. Utanyamaza?”

“Nitapiga mayowe.”

“Naye analala mapajani, cherehani inalia. Anazinduka yuko godoroni, kimya. Anapiga mayowe. Mzoesheni kupata usingizi pale pale atakapoamkia. Kila jioni fanyeni mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ale, mumwogeshe, taa ipunguzwe, simu na redio zizimwe. Mwimbieni kidogo. Kisha mumlaze akiwa anasinzia lakini bado macho. Akilia, mmoja aende. Mpigepige mgongoni, mwongeleshe kwa sauti ya chini. Asichukuliwe kutembezwa nyumba nzima. Na mchana asilale mpaka jioni.”

“Na akiugua tena?” Mama akauliza kutoka chumba cha nyuma.

“Akiugua, mpakateni mnavyotaka. Mgonjwa anahitaji kuwa karibu na mtu. Akipona, mnarudi kwenye mpangilio.”

Jioni ya kwanza ilikuwa ngumu, hasa kwa Bibi. Mjukuu alilia, na Bibi akaanza kusogea mlangoni.

“Mama, unakwenda wapi?” Fundi akauliza.

“Nafuata kanga yangu.”

“Umeivaa.”

“Nafuata nyingine.”

Mama alikuwa ndani, mkono mgongoni mwa Mlinzi, anaimba wimbo mmoja bila kuchoka. Kilio kilipungua, kikawa mnung’uniko, mnung’uniko ukawa pumzi. Jioni zilizofuata kilio kilikuwa kifupi. Kuna siku alishtuka usiku, akageuka upande, akaendelea kulala. Wazazi wake ndio walioamka, wakashangaa kwa nini hawajaitwa.

Sasa mistari ya Mama saluni inanyooka mpaka kisogoni. Suruali za Fundi zina miguu inayolingana, na mwalimu ameleta kitambaa kingine, ingawa amekuja na futi yake mwenyewe.

Ile sheria ya zamani imefutwa. Mtoto mgonjwa akilala, anaangaliwa. Juzi Mlinzi alishikwa na mafua, akalala mchana. Fundi aliacha kazi, akaingia chumba cha nyuma. Aliangalia nepi: mbichi. Akamgusa midomo: ina unyevu. Bado hakutosheka. Akamtikisa bega.

“Mlinzi. We Mlinzi.”

Mlinzi alifungua macho yote mawili. Akamkunjia baba yake uso, akamsukuma pua kwa kiganja.

“Toka!” akasema, akageukia ukutani na kulala.

Fundi alirudi chumba cha mbele, anaishika pua yake kama nishani.

“Vipi?” Bibi akauliza.

“Amenifukuza, Mama,” alisema. Akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona. “Mzima kabisa.”