Kichochezi cha Baba Chausiku

Niliwahi kuwasimulia watu habari hii kinyozini, nikasema mashine iliharibika. Nilichapia, mnisamehe. Mashine ilifanya kazi barabara. Tatizo ndilo hilo.

Mashine yenyewe, kichochezi, ilikuwa ndogo kama punje ya kunde, inabandikwa nyuma ya sikio. Aliibuni Zamoyoni, mhandisi wa Morogoro ya miaka hiyo, wakati roboti zinafagia barabara na watu wamekaa wanaziangalia. Ilisoma mtazamo wa mtu juu ya mazoezi, ikausukuma polepole, wiki kwa wiki. Mtazamo ukigeuka, nia inafuata. Nia ikikaza, miguu haibishi.

Wa kwanza kubandikwa alikuwa mumewe, Kibwana. Daktari alishasema sukari itamla mguu asipotembea kila siku. Kutembea alitembea, lakini mpaka mkewe amtolee raba, na njiani walisimama kwa kila mchoma mahindi.

"Mazoezi gani haya, Mama Chausiku? Tunakagua mahindi ya watu."

"Tembea. Tumbo lako limeshafika kona, wewe bado uko huku."

Baada ya kichochezi, haukuisha mwezi akaanza kuamka mwenyewe. Baadaye akawa anakimbia. Mwisho hakutulia kabisa: akila anachezesha goti, kwenye harusi ya mpwawe anatafuta mlango. Sukari ikashuka. Daktari akafurahi.

Jioni moja, Kibwana ameshatoka, Zamoyoni akaihoji mashine kupitia kioo cha ukutani.

"Kabla yako, mtazamo wake ulikuwaje?"

"Hakupenda kutembea," mashine ikajibu. "Alikuwa na sababu moja tu ya kutoka: kupiga soga na mke. Sababu dhaifu, inategemea mtu mwingine. Nimeiondoa, nikamwekea kupenda mwendo wenyewe."

"Mrudishie."

"Nikimrudishia, nia itashuka. Na mguu je?"

Zamoyoni akavaa raba, hata kamba hakufunga, akatoka. Kibwana alikuwa amezunguka mtaa na sasa anampita mchoma mahindi bila kugeuza shingo.

"Baba Chausiku, simama tule hindi."

Mchoma mahindi akainua macho, akamwangalia mama wa watu anavyohema, akarudi kupepea jiko lake. Kibwana alikuwa ameshafika kona.

"Nisubiri basi," Zamoyoni aliita tena, mkono kiunoni. "Twende wote."