Chafya za Uani

Sufuria lilianguka jikoni, likabingirika hadi miguuni pa Nyamizi, naye hakusikia kitu. Kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, kilichoning'inia shingoni mwake, kilikuwa kimeshayasoma mawimbi ya kelele ile na kurusha mawimbi ya kinyume, yakafutana kabla ya kumfikia. Watu wa Tabora walikiita kimezasauti. Magari yalipaa juu ya mji bila dereva na roboti zilifagia soko, lakini kwa Nyamizi hakuna mashine iliyokizidi kidude hicho. Kabla yake, kijiko kikigonga sahani tu alihisi msumari umepigwa sikioni.

Hata hivyo, hakikuvaliwa usingizini wala bafuni, kwa hiyo nyumba nzima ilijifunza kunyata. Karanga zilitwangwa kwa jirani. Mumewe, Kapera, mwenye chafya za kutikisa madirisha, alizoea kukimbilia uani akiwa ameziba pua. Hakulalamika hata siku moja. Alisema ndoa ni kuvumiliana, na uani kuna hewa nzuri.

Kisha binti yao Mwanne, ambaye mumewe alikuwa kazini kwenye kituo cha mwezini, akaja kujifungulia kwao. Mzazi angepikiwa uji, na mtoto angeogeshwa na bibi yake, kama ilivyo desturi. Siku moja Mwanne alitoka kidogo. Aliporudi alimkuta mama yake anachambua mchicha, kitanda cha mtoto kiko nyuma yake, na mtoto amelia mpaka sauti imemkauka.

"Sikumsikia, mwanangu."

"Najua, mama."

Tangu hapo Mwanne alimwogesha mtoto mwenyewe. Hakusema neno baya, na hilo ndilo lililomuuma Nyamizi kuliko matusi.

Akaenda kwa Daktari Ngassa, mtafiti wa masikio.

"Mama, kidude hiki kinakusaidia huku kinakuumiza," alisema daktari. "Ubongo ukinyimwa sauti unajiongezea usikivu, kama wewe unavyoongeza redio usipoisikia vizuri. Ndiyo maana ukikivua, unaumia kuliko zamani."

"Kwa hiyo nimejitia kitanzi mwenyewe?"

"Tutakilegeza. Polepole lakini."

Alimwingiza katika utafiti wake, akampa kizoeshi, chombo cha kuvaa sikioni ambacho kiliruhusu sauti kupita kidogo kidogo, kama mpishi mwoga anavyotia chumvi. Ilianza sauti ya khanga ikikunjwa, yakafuata maji yakimiminwa, kisha mchi kwenye kinu. Siku nyingine Nyamizi alilia na kutaka kukitupa chooni. Baadhi ya wenzake katika utafiti ule walikata tamaa, na wapo ambao hawakupata nafuu. Yeye alimkumbuka mjukuu akilia nyuma ya mgongo wake, akakivaa tena.

Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa siku Nyamizi alipovua vyote viwili, kizoeshi na kimezasauti, akaviweka mezani.

"Niletee mtoto nimwogeshe," alisema.

Mwanne alisita, kisha akamkabidhi. Maji ya beseni yalipomgusa tu, mtoto akapaza kilio. Nyamizi alifumba macho kuusubiri msumari. Msumari haukuja. Aliumia, ndiyo, lakini kama mkono uliotiwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Furaha ilimjaa hata machozi yakadondokea beseni.

"Kumbe ana sauti ya babu yake," alisema.

Babu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Ghafla uso ukamkunjamana, akaziba pua na kugeuka kuelekea uani.

"Baba Mwanne, unakwenda wapi?"

Kapera alionyesha nje kwa kidole.

"Piga hapa hapa."

Alimtazama kwa mashaka, lakini chafya haina subira. Madirisha yalitikisika. Mtoto alinyamaza kwa mshangao, kisha akaangua kilio maradufu. Nyamizi alimshikilia vizuri, akavuta pumzi mpaka masikio yakatulia.

"Afya," alimwambia mumewe.

Kapera alivuta kigoda, akakaa karibu nao. Miaka yote ile alikuwa akipiga chafya peke yake uani, na hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.