Miguu Baridi ya Chola

Kengele ya baiskeli ililia mara tatu nyuma ya ua. Clotilde aliweka chini pasi ya makaa. Kengele tatu za Stanislas, mtoto wa baba yake mdogo, zilikuwa na maana moja tu: barua imefika kutoka Kitwe, ng'ambo ya mpaka.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu jimbo la Katanga lijitenge na nchi. Barabara zilijaa vizuizi vya askari, na barua zilikwenda mwendo wa kinyonga. Hata hivyo, watu wa Kamalondo, mtaa wa Clotilde, waliendelea kuoa na kuolewa. Clotilde alikuwa ameposwa na Chola, kijana wa mgodini Kitwe. Zilibaki wiki tatu kabla ya arusi.

Barua iliandikwa na Léonard, kaka yake Chola, karani mwenye kujivunia Kiingereza chake. Baba Edouard, baba mzazi wa Clotilde na fundi wa reli, aliketi kusikiliza. Stanislas akafungua kamusi yake, akasoma: "Chola has got cold feet."

"Maana yake?"

"Cold ni baridi. Feet ni miguu. Chola iko na miguu baridi, baba mukubwa."

Baba Edouard alivua kofia yake. Miguu baridi aliijua. Miguu ya marehemu mama yake ilipoa hivyo siku tatu kabla hajafa. Na desturi ni desturi: kabla ya posa, ukoo hutaja magonjwa yake yote. Anayeficha hurudishiwa posa yake.

"Niliwauliza mbele ya bantu, wazee bote wakisikia," alisema. "Walisema mutoto wao iko muzima. Kesho naenda Kipushi, pale mpakani, kwa mujumbe wao wa ndoa. Namurudishia blanketi yao ya posa."

"Baba, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ukuwe mujane mbele ya Noeli kufika?"

Clotilde aliinuka. Alichukua barua, akakimbia mpaka nyumba ya tatu, kwa Mama Edith. Huyu alikuwa muuguzi, na alizaliwa na kusoma Ndola, ng'ambo ileile ya Kitwe, kunakosomwa Kiingereza. Aliisoma barua, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha wakarudi pamoja.

"Baba Clotilde," alisema Mama Edith, "ukisikia muntu iko na mukono murefu, unamushonea shati refu?"

"Hapana. Ule ni mwizi."

"Na mwenye moyo muzito, tunamupima kwenye mizani?"

Baba Edouard alitaka kucheka, akajizuia.

"Basi na Waingereza iko na misemo yao. Wakisema mvua inanyesha paka na mbwa, usitoke na fimbo. Ni mvua kubwa tu. Wakisema umemuvuta muntu muguu, umemutania. Ukitafsiri neno moja moja, unapata mifupa bila nyama."

"Na miguu baridi?" Clotilde aliuliza kwa sauti ndogo.

"Muntu amekubali jambo kubwa. Siku inakaribia, woga unamushika. Ndiyo hiyo. Na sikia vizuri: hawasemi hivyo juu ya muntu asiyetaka. Wanasema juu ya ule aliyekwisha kukubali."

"Kamusi yangu haina hiyo," Stanislas alinung'unika.

"Kamusi yako iko ndogo, na mudomo wako iko mukubwa. Msemo ukikushinda, soma barua mpaka mwisho, kisha uliza. Mstari wa pili unasema nini?"

Wakausoma pamoja. Chola hakuwa mgonjwa. Aliogopa kwamba mpaka ukifungwa, Clotilde atatenganishwa na wazazi wake, nao watamlaumu yeye.

Baba Edouard aliikunja barua polepole. Kesho yake alikwenda Kipushi mikono mitupu, bila blanketi, akamwambia mjumbe amlete Chola mwenyewe.

Tangu siku hiyo Stanislas alianza daftari. Kila msemo aliuandika mzima, pamoja na maana yake na huambiwa nani.

Jumamosi Chola aliingia uani, shati limejaa vumbi la njiani. Aliinamisha macho kama mkwe anavyotakiwa. Baba Edouard akamketisha karibu naye.

"Nasikia unaogopa."

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi naogopa. Lakini wakubwa wakifunga mpaka, sitasema uliniibia mutoto. Nakuahidi mbele ya Clotilde: nitasema niko na batoto babili ng'ambo, yeye na wewe."