Boriti Zilizong'olewa Shimoni

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na sita, na tayari ni mjane. Naandika huku mwanangu wa pekee, aliyezaliwa baba yake akiwa kaburini, amenilalia mapajani. Someni, kisha mniambie kama sina haki ya kulia!

Mume wangu, Hamisi, alikuwa Mmwera wa Kitomanga. Tulihamia Lindi mjini alipoitwa na kaka yake, Salumu, msimamizi wa ujenzi wa duka la tajiri mmoja. Hamisi alipewa kazi ya kuchimba birika la maji ya mvua nyuma ya duka, shimo refu la kutisha.

Mzungu wa serikali alikuja kulikagua. Alisema udongo ule ni mchanga mtupu, hauaminiki. Kuta zizuiwe kwa mbao na boriti za mikoko, kifusi kimwagwe mbali na ukingo, na mfereji uchimbwe upande wa mlimani ili maji ya mvua yapite kando. Salumu aliitikia yote, na kweli aliyafanya. Roho yangu ikatulia.

Lakini tajiri alitaka paa liishe kabla ya Ramadhani, na boriti zikapungua. Mnajua shemeji yangu alifanya nini? Aling'oa zile za shimoni akazipandisha darini! Kisha akaufukia mfereji ili rikwama za kukokotea mawe zipate njia.

Nilipopeleka uji nikaziona kuta ziko tupu. Nikamwamkia Salumu shikamoo, nikamwuliza. Aliitika marahaba, halafu akaniambia nirudi jikoni, mambo ya shimo ni ya wanaume. Hamisi naye alimwonea haya kaka yake, akaendelea kuchimba... Nani ambishie mkubwa wake?

Usiku ule mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Asubuhi maji yalikuwa yakishuka mlimani moja kwa moja hadi ukingoni, na Hamisi alikwisha kuteremka. Juu alisimama mpokea ndoo, Mngoni aitwaye Komba. Wamwera na Wangoni ni watani, na hao wawili walikuwa wakizikana kwa maneno kila siku. Komba akauona ufa.

"We Mmwera, toka!" alipiga kelele. "Kaburi lako linafunguka!"

Hamisi akacheka! "Kalete sanda, mtani, uje unioshe!"

Vibarua wote wakaangua kicheko. Komba akarudia, sasa kwa sauti ya kilio, nao wakazidi kucheka, maana mtani akilia ndipo anapochekesha zaidi. Ukuta ukaporomoka.

Niliposikia nikakimbilia pale, tukafukua kwa mikono, tukipiga mayowe... Alipotolewa alikuwa amekwisha.

Jeneza lilipotaka kutoka nyumbani, watu walimtazama Komba. Desturi inamtaka mtani azuie njia, afanye vituko, adai apewe chochote. Alipiga magoti tu.

"Mtani wangu," alisema, "asubuhi ile sikuwa nakutania."

Salumu aliwaambia waombolezaji kwamba ni kazi ya Mungu. Eda haijaisha, akatuma watu kuniposa, anirithi! Nilipokataa, akanitoa nyumbani na mimba yangu. Jamani, binadamu ana moyo wa namna gani?

Ndugu zangu mnaochimba, nawasihi. Kuta zikiwa hazina boriti, msiteremke, hata anayewatuma awe kaka yenu wa tumbo moja. Na mtani akikuambia toka, toka kwanza. Mtacheka mkiwa juu.