Kitufe cha Rekebisha Yote

Nikitoka shule siendi nyumbani. Naenda studio kwa shangazi, kwa sababu baba na mama hurudi kutoka kazini jioni, na shangazi hataki kusikia habari ya mtoto wa miaka kumi na miwili kukaa peke yake na jiko la gesi. Nikifika namwamkia, navua viatu mlangoni maana vumbi na kamera havipatani, kisha nakula kilichofunikwa kwenye bakuli. Baada ya hapo ndipo ninapofungua madaftari yangu, nikiwa nimekalia stuli ya wateja mbele ya pazia la bluu.

Studio yenyewe ni chumba kimoja tu. Kuna taa mbili zenye miavuli myeupe, kioo cha watu kujitazama, kitana, printa, skana na kompyuta. Shangazi hupiga picha za vitambulisho, lakini kazi anayoipenda kufa ni kutengeneza picha kuukuu, zile zilizochanika, zilizoingia maji au zilizotafunwa na mende. Anaweza kukaa na picha moja siku mbili, akiziba ufa mmoja baada ya mwingine, huku akiisemesha kama mgonjwa aliyelazwa. Utamsikia akiiambia ivumilie kidogo, yuko karibu kumaliza.

Mimi ananiita Kidole. Wala hajanionea. Sijawahi kuona kitufe nikakiacha kama nilivyokikuta.

Jumatatu moja tulikuta programu ya kutengenezea picha imejisasisha yenyewe. Likatokea tangazo refu la mambo mapya, refu kama karatasi ya mtihani. Shangazi alisema atalisoma akipata nafasi. Mimi sikusubiri nafasi, nikabonyeza "Sawa" likaondoka. Tukaanza kuyajaribu hayo mambo mapya kwa picha zetu wenyewe. Jamani, ile programu ilikuwa na vituko. Ilifuta chunusi zangu zote, ikaninyooshea kola ya shati, ikaniziba na pengo. Shangazi ikampunguzia miaka kumi na tano na kumwongezea nyusi. Tulicheka mpaka akajifuta machozi, akasema sasa tunafanana na watu wa kwenye makopo ya mafuta ya kupaka. Chini kabisa palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Rekebisha Yote". Hicho ndicho kilichoniingia moyoni.

Jumatano akaja jirani yetu wa mlango wa pili, fundi cherehani, ambaye mimi humwita mama fundi. Alikuwa amekumbatia fremu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ndani yake mlikuwa na picha ya marehemu mama yake, ndiyo pekee aliyowahi kupigwa, kwa kuwa mama huyo alikuwa akiona kamera anajificha jikoni. Jumamosi mama fundi na ndugu zake watano wangekutana nyumbani kwa kitinda mimba wao, mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na alitaka kila mmoja aondoke na mama yake mkononi.

Picha ilikuwa na nyufa na madoa, na unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo. Shangazi kwanza aliiskani hivyo hivyo na kioo chake. Ndipo akajaribu kuibandua taratibu. Karatasi ilitoka, lakini uso ukabaki kwenye kioo, vipande vipande kama rangi ya ukuta iliyobanduka. Mama fundi aliziba mdomo kwa mkono. Shangazi akamshika bega, akamwonyesha kwenye kompyuta.

"Dada, usilie. Sura yake iko salama humu ndani."

Sasa, shangazi ana sheria zake. Picha ikishaingia kwenye kompyuta, ile ya kwanza haiguswi. Unatoa nakala, unafanya kazi kwenye nakala. Halafu kila Ijumaa kabla ya kufunga, huzihamisha zote kwenye diski anayoiweka sandukuni. Sheria hizo nilizijua kama ninavyolijua jina langu.

Alhamisi shangazi aliitwa kiwandani kupiga picha za wafanyakazi. Alinikabidhi kwa mama fundi kwa saa moja, akaniambia mteja akija nimwombe asubiri. Kupitia ukutani nilisikia cherehani ya mama fundi ikikimbia, ikitulia, ikikimbia tena. Nikawaza jinsi shangazi alivyochoka juma lile, na nyufa zote zile zikimngoja. Nilitaka kumpunguzia kazi. Lakini nikisema ukweli, nilitaka pia kubonyeza kile kitufe.

Nikaifungua picha. Nikabonyeza "Rekebisha Yote". Kufumba na kufumbua, nyufa zikajifunga, madoa yakayeyuka, weusi ukawa weusi na weupe ukawa weupe. Nikahifadhi, nikaifunga, nikajiegemeza kwenye kiti cha shangazi huku kichwa kimenivimba. Kazi ya siku mbili nimeimaliza kwa kidole kimoja.

Nikaifungua tena ili niendelee kujisifu. Kile kioo chenye vipande vya uso kilikuwa bado pale mezani, na macho yangu yakaangukia kipande chenye jicho. Kope la jicho la kushoto lilikuwa limeshuka nusu. Kwenye kompyuta, macho yote mawili yalikuwa wazi, mviringo, yanalingana kama vifungo vya shati jipya. Hata mdomo ulikuwa umenyooshwa. Alikuwa mwanamke mzuri tu, lakini hakuwa yule wa kwenye kioo. Nikatafuta nakala. Hakukuwa na nakala. Nilikuwa nimeifanyia kazi picha ya kwanza yenyewe, na nimeihifadhi juu yake.

Nikasema nitalichora mwenyewe lile kope. Mara ya kwanza jicho likawa kama limeumwa na nyuki, nikahifadhi. Mara ya pili likafumba kabisa kama la mtu aliyelala, nikahifadhi. Mara ya tatu sijui niseme lilikuwa jicho la nani. Nalo nikalihifadhi, kwa kuogopa kupoteza hata kile kidogo nilichokipata. Nilikuwa najiandaa kwa mara ya nne niliposikia shangazi akivua viatu mlangoni. Nikazima skrini ya kompyuta.

Aliniuliza kama kulikuwa na lolote, nikamjibu kila kitu shwari. Alisema picha ya mama yake mama fundi ataianza kesho asubuhi, leo mikono yake inatetemeka kwa uchovu. Basi nikapata usiku mzima wa kutunga uongo, na uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema programu mpya imeiharibu. Nani angebisha? Programu haina mdomo wa kujitetea.

Kabla hatujafunga, mama fundi akaingia na sketi yangu ya shule. Upindo wake ulikuwa umefumuka tangu Jumatatu, naye aliuona mchana nilipokwenda kumwamkia, akaniambia nimwachie sketi nivae kanga yake. Sasa alikuwa ameushona, na hakutaka hata kusikia habari ya malipo. Akageuka kwa shangazi, uso umemchangamka.

"Nimewapigia simu wote watano. Nimewaambia mama anakuja Jumamosi."

Akaondoka zake. Mimi nikabaki nimeishika ile sketi. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikaona kama sitasema sasa hivi, sitasema tena maishani.

"Shangazi," nikamwambia, "picha nimeiharibu mimi. Si programu. Ni mimi."

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka mkoba chini, akawasha skrini, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, nimehifadhi mara ngapi. Nikamwambia mara nne.

Hapo ndipo alipolitafuta lile tangazo la mambo mapya ambalo sote wawili hatukulisoma. Tulilisoma pamoja mstari kwa mstari, yeye akifuata kwa kidole, mimi nikipangusa machozi. Kulikuwa na habari za rangi, za nywele, za mandharinyuma. Karibu na mwisho palikuwa na maneno machache tu. Toleo jipya hutunza hali tano za mwisho za kila picha, na ukihifadhi ya sita, ile ya zamani kabisa hufutwa moja kwa moja.

Shangazi akabonyeza palipoelekezwa. Zikajipanga picha tano. Jicho langu la tatu, jicho langu la pili, jicho la nyuki, macho ya vifungo, na mwisho kabisa, yenye nyufa na madoa yake yote, picha ya kwanza. Aliitolea nakala mbili papo hapo, moja kwenye kompyuta na moja kwenye diski. Baada ya hapo ndipo alipovuta pumzi.

"Ungehifadhi mara moja zaidi," alisema, "tungempa mama fundi nini?"

Nililia kwa kwikwi, naye akanivuta akanikumbatia, kichwa changu kikiwa kimemkaa kwenye kamba ya kamera. Alisema na yeye ana kosa lake, kuacha kitu kipya kiingie kwenye kazi za watu bila kukisoma, na hilo atalibeba mwenyewe. Lakini kwa mama fundi nitakwenda mimi, tena sasa hivi, na nikifika huko nimuulize pia jambo moja. Shangazi hajawahi kuziba alama usoni mwa mtu bila kuwauliza wenyewe kama ni ya picha au ni ya mtu.

Mlango wa pili ni hatua kumi tu, lakini siku ile zilikuwa ndefu. Nilimkuta mama fundi akifunika cherehani. Nikamweleza yote, tangu kitufe mpaka nilivyosema kila kitu shwari. Akaiacha cherehani nusu wazi, sindano ikiwa imechomekwa kwenye ukosi wa nguo yake. Nikamwambia picha imepatikana. Akashusha pumzi ndefu. Ndipo nikamuuliza habari ya lile jicho.

Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. Alisema kope la mama yake lilizaliwa hivyo, limeshuka nusu. Lakini wao walipokuwa wadogo hawakujua. Kila mtoto alidhani mama anamkonyeza yeye.

"Tulikuwa sita, mwanangu, na kila mmoja alijua kwa siri kwamba yeye ndiye kipenzi cha mama."

Ijumaa shangazi alifanya kazi kwa mkono wake, tangu asubuhi mpaka jioni. Nilipotoka shule aliniruhusu kukaa kando yake, mikono mapajani. Aliziba ufa uliokata shavu, akafuta doa la paji la uso, lakini jicho hakuligusa hata kidogo. Mama fundi alipokuja kuchukua nakala zake sita, alishika moja, akaisogeza karibu, akaitazama. Kisha akaikonyeza.

Jumatatu aliturudia na habari za mkutano. Ndugu sita, wengine wana wajukuu, walibishana sebuleni kwa kitinda mimba, kila mmoja akishikilia kwamba mama anamtazama yeye. Kaka yao mkubwa, mtu ambaye huwa hatoi hata tabasamu la bure, alikataa kabisa kushindwa. Walicheka, wakalia, wakakaa mpaka jioni bila mtu kukumbuka kwamba alikuwa na safari.

Shangazi aliacha kazi kumsikiliza. Mimi nilikuwa kwenye stuli yangu, nikijifanya nasoma. Mama fundi akaja akainamisha uso wake mbele ya wangu, akanishika kidevu.

"Kukosea umekosea, na nilikasirika, nisikufiche. Lakini ungenyamaza siku ile, leo wenzangu wangekuwa wametundika mgeni ukutani na kumwita mama. Ukikosa, mwanangu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Nikamwambia nimesikia. Shangazi akasema, bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta yake, kwamba hata yeye amesikia.