Mazoezi ya Saa Tisa na Nusu

Siku hizo mashine za kufulia zilikuwa bado hazijafika mtaa ule, na mashuka yote ya nyumba ya wageni yalipita mikononi mwa bibi mmoja dobi. Aliyafua asubuhi, akayaanika kwenye kamba tano zilizovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta, na kufikia saa tisa alasiri ua mzima ulinukia sabuni na jua. Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, akirudi kutoka shule alipenda kupita katikati ya mashuka yale akiwa amefumba macho, yakimpapasa uso, mpaka asikie sauti ya bibi upande wa pili.

"Umefika, mama? Haya, nawa mikono. Jua halina subira na sisi."

Kukunja shuka la kitanda kikubwa ni kazi ya watu wawili. Bibi alishika pembe mbili, mjukuu pembe mbili. Walirudi nyuma mpaka shuka likakaza, wakalivuta, kisha mjukuu akamwendea bibi na kumkabidhi pembe zake, akainama kuokota mkunjo wa chini, akarudi nyuma tena. Mashuka ishirini, kila siku ya shule, kabla ya saa kumi na moja. Saa hiyo mhudumu wa nyumba ya wageni alikuja na mkokoteni wake, naye hakuwa mtu wa kusubiri. Shuka lililogusa vumbi lilirudi kwenye beseni, na hapo siku ilikuwa imeharibika.

Shuleni walimwita Nadhifu, kwa sababu sare yake haikuwa na kunyanzi hata moja. Wengi waliamini kwao kuna mtumishi wa kumpigia pasi. Hakuwahi kuwasahihisha.

Muhula wa pili akaja mwalimu mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ya kubembeleza, akaanzisha kikundi cha ngoma. Walihamisha madawati ya ghala la zamani, wakafagia, wakaleta ngoma mbili na kayamba. Mazoezi yalikuwa saa tisa na nusu, baada ya kengele ya mwisho. Kila siku Nadhifu alisimama dirishani kwa dakika mbili tu, begi mgongoni, kisha akakimbia nyumbani. Lakini miguu yake ilikuwa inajifunza bila ruhusa. Alizijua hatua zote, hata ile ya kugeuka iliyowashinda wengi.

Mwalimu akamwona. Kesho yake, kipindi kilipokwisha, alisema mbele ya darasa zima, "Kuna watu hapa wana miguu ya ngoma lakini siwaoni mazoezini. Wewe, kwa mfano," akamgeukia kijana mmoja wa dawati la nyuma, "mbona huji?"

"Namlea mdogo wangu, mwalimu. Mama anaingia kazini mchana."

Darasa likacheka. "Yaya!" mtu akasema kwa chini, na jina likamganda kijana yule kama gundi. Tangu dakika ile aliitwa Yaya.

"Nyamazeni. Na wewe, Nadhifu?"

Nadhifu alisimama. Alimwona Yaya akiinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati. Neno dobi lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akalimeza, likatoka jingine.

"Bibi yangu hataki, mwalimu. Ni mtu wa sala. Anasema ngoma ni dhambi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi. Imani ya mtu tunaiheshimu. Kaa, mwanangu."

Alikaa. Alijiona mjanja kwa muda wa kama kutafuna andazi moja. Kisha akakumbuka jinsi bibi alivyopiga magoti asubuhi ile kando ya beseni, mikono bado ina povu, akimtaja yeye kwa Mungu kwa jina lake lote.

Uongo ule ulikuwa mwepesi kuutoa, lakini ulikuwa mzito kuishi nao. Wenzake walianza kuacha kuzungumzia ngoma akiwa karibu, kama watu wanaokwepa kutaja chakula mbele ya mgonjwa. Rafiki yake aliyeitwa Mapengo, ambaye nyumba yao ilipakana na ua wa mashuka, alimbana njiani.

"Bibi yako? Yule anayeimba kutwa nzima akifua? Juzi nimemwona anatikisa mabega peke yake."

"Alikuwa anakung'uta shuka."

"Shuka gani linakung'utwa kwa kiuno, we mtu?"

Nadhifu aliongeza mwendo.

Wiki mbili baadaye, alasiri ya Alhamisi, walikuwa na shuka la kumi na moja mkononi pale lango liliposukumwa. Mwalimu aliingia, kichwani amejifunga kitambaa kwa adabu, kama mtu anayekwenda ibadani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utatuwia radhi, tukiliachia hili litaanguka."

Nadhifu alikuwa upande wa pili wa ua, pembe mbili zimemkaa vidoleni. Angeweza kukimbia. Lakini shuka lingefuata chini, kwenye vumbi, na bibi angelifua upya kwa mikono ile iliyochubuka. Alisimama.

"Mama, nimekuja kwa unyenyekevu," mwalimu akaanza. "Ni kuhusu ngoma. Najua imani yako haiiruhusu, wala sitaki kushindana nayo. Nilitaka tu uje uone siku moja. Tunacheza kwa heshima kabisa. Na mtoto huyu ana kipaji."

Bibi alimtazama mjukuu wake juu ya ule weupe uliotanda kati yao, kisha akalivuta shuka kidogo, kama kawaida, ishara kwamba sasa ni zamu ya mtoto kumwendea. Nadhifu akatembea. Hatua zile alizozizoea zilikuwa ndefu kama safari. Alipofika, akamkabidhi pembe, na mikono yao ikagusana.

"Nani amesema imani yangu haitaki ngoma?" bibi akauliza kwa upole.

"Mimi, Bibi."

"Kwa nini?"

"Walimcheka mwenzangu aliyesema ukweli. Nikaona aibu kusema nakunja mashuka. Nikasema wewe... na sala zako." Machozi yakamshuka. "Nisamehe, Bibi. Na wewe mwalimu, nisamehe."

Bibi aliliweka shuka juu ya rundo, akalinyoosha kwa kiganja, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kuona aibu kwa kazi hii, hilo nalielewa," alisema. "Hata mimi niliwahi. Lakini sala zangu, mama? Zile nilizokuwa nakuombea wewe ndizo umezifanya fimbo ya kunipigia?"

Mwalimu alitazama chini. Mtoto alilia kwa kwikwi. Bibi akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akavuta pumzi.

"Mwalimu, nami nilikuwa kwenye ngoma ya shule. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto. Tulikuwa na sketi za kijani. Kisha mama yangu akaugua, ikabidi mchana niwe nyumbani. Nikaona haya kusema. Nikamwambia mwalimu wetu kwamba naumwa mguu." Akatabasamu kidogo. "Nikachechemea mwaka mzima. Nikisahau ni mguu upi, nachechemea yote miwili."

Mwalimu alijaribu kujizuia, akashindwa. Walicheka wote watatu, hata aliyekuwa analia. Kisha bibi akaacha kucheka kabla yao.

"Sketi ile ya kijani naiona mpaka leo. Hakuna aliyenikataza kucheza. Hakuna hata aliyeniuliza."

Mwalimu alivua pochi begani, akaiweka pembeni, akaenda kushika pembe mbili za shuka la kumi na mbili. Alilikunja vibaya, likapinda kama sambusa. Bibi akalifungua, akamwelekeza bila maneno mengi. Walipofika shuka la kumi na tano alikuwa ameanza kuelewa.

"Mama, kazi hii ni ya saa ngapi hasa?"

"Mikono minne naihitaji kuanzia saa tisa na nusu. Asubuhi simhitaji mtu. Mashuka bado yamo majini."

"Nami nilipanga saa tisa na nusu kwa sababu ndipo mimi nina nafasi," mwalimu akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa mwalimu aliwagawia wanafunzi vikaratasi, kila mmoja aandike bila jina kinachomzuia kucheza ngoma. Kabla hajavikusanya, Nadhifu alinyoosha mkono, akasimama.

"Nilidanganya. Bibi yangu hajawahi kusema ngoma ni dhambi. Yeye ni dobi, na mchana mimi namsaidia kukunja mashuka."

"Dobi!" sauti ikatoka dawati la mbele.

"Ndiyo, dobi," Nadhifu akajibu. Sauti ilitetemeka, lakini ilifika. "Na kola yako hiyo chafu ilete tu, tutaihurumia."

Kicheko kikahama upande. Yaya aliinua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Vikaratasi vilisema mengi. Mmoja alichota maji mchana. Mmoja alidhani wavulana hawaruhusiwi. Mmoja alikuwa na pumu na aliogopa vumbi la ghala. Mwalimu alisoma vyote. Jumatatu mazoezi yakahamia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kengele, ghala likiwa limemwagiwa maji kutuliza vumbi. Wachezaji kumi na wanne wakawa ishirini na watano. Yaya alikuja akikimbia, maana asubuhi mama yake alikuwa nyumbani, ikaonekana kwamba kayamba hakuna anayeliweza kama yeye.

Siku ya wazazi, bibi alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, midomo ikitembea bila sauti. Mtoto alipogeuka ile hatua iliyowashinda wengi, bibi alifumba macho, kisha akayafumbua haraka asipitwe.

Ilikuwa Jumamosi, siku isiyokuwa na mkokoteni wa kuwahi. Walirudi nyumbani kwa miguu, wakizunguka njia ndefu.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Nilikwisha kukusamehe siku ileile, nikiwa naanua kamba ya mwisho. Lakini nisikilize vizuri." Akasimama. "Mlango wa ngoma haukufungwa na Mungu, wala sikuufunga mimi. Uliufunga wewe mwenyewe, kwa kuogopa kubisha. Ukiwa na shida, sema shida yenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Mtu mwema hawezi kukuondolea mzigo uliomficha. Na kazi ya halali usiione haya, maana ndiyo imetulisha."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Sasa nieleze ile ya kugeuka. Mguu gani unaanza?"

Nadhifu akamweleza, na bibi akasikiliza kwa makini kama mwanafunzi mgeni, mpaka wakafika nyumbani.